Uji Aliotengewa Mume Wangu

Najua mtasema ni wivu umenipanda kichwani. Nina wivu, sikatai. Lakini haya niliyaona kwa macho yangu mawili, mchana, na watu wamejaa.

Mume wangu, Mutwiri, hupiga gitaa. Likizo ya Agosti alipata kazi ya kutumbuiza kila Jumamosi alasiri katika ile nyumba ya mawe ya mkoloni hapa Meru, ambayo siku hizi ni makumbusho. Bendi hukaa barazani, watu hukaa kwenye nyasi na watoto wao. Mimi nilikuwa nafunga kibanda changu cha ndizi soko la Gakoromone mapema ili nikamchunge. Wewe ungekuwa na mume mzuri hivyo, ungemwacha peke yake na gitaa?

Jumamosi ya kwanza nikamwona huyo mwanamke mbele kabisa, amevaa gauni jeupe la kizamani. Alikuwa pekupeku, na nyayo zake safi ilhali sisi wengine tumejaa tope la mvua. Akaanza kuimba. Niamini, sijawahi kusikia sauti tamu vile, na nilimchukia kwa kila neno. Mutwiri alimtazama alivyokuwa hajanitazama mimi tangu tuoane. Mimi nikiimba kanisani, watu hugeuka kuona nani ameumia.

Jumamosi iliyofuata akaja tena. Alipomaliza kuimba akatoa kibuyu cha ucuru, ule uji wetu uliochachushwa, akampelekea Mutwiri. Kibuyu kilikuwa na ufa ulioshonwa kwa uzi wa katani. Sasa shika hapa vizuri. Kwetu, anayekupa uji huonja kwanza mbele yako, ujue hauna neno. Huyu hakuonja. Nililiona hilo, na bado hasira ikanitangulia. Nikapanda barazani, nikamnyang'anya kibuyu.

"Wewe! Huyu ni bwana ya mtu!"

"Mama Kendi, wacha aibu, watu wanaangalia," Mutwiri akasema.

Nikaunywa uji wote ili yeye asipate hata tone. Mwanamke hakukasirika. Alichukua kibuyu chake, akaniambia kwa Kimeru, polepole, "Hata wewe utanitosha." Kisha akaingia ndani ya nyumba.

Nikamfuata, maana nilikuwa sijamalizana naye. Vyumba vyote havikuwa na mtu. Katika chumba cha mwisho palikuwa na kabati la kioo limefungwa kwa kufuli, na ndani yake kibuyu chenye ufa ulioshonwa kwa katani. Uji ulikuwa bado unachuruzika mdomoni mwake.

Nikamwita mlinzi, mzee mmoja wa Mitunguu. Alipoona akavua kofia.

"Hiyo ilikuwa ya msichana alikuwa anapikia mzungu hapa. Wanasema akiimba, watu wanaacha kazi. Alikufa kabla aolewe." Akanitazama. "Na wewe mama, umekunywa?"

Nikajipangusa mdomo.

Asubuhi yake nilifungua mdomo nimwamshe Kendi, binti yetu. Ikatoka sauti ya yule mwanamke.

Siku hizi kanisani nimewekwa mbele. Mutwiri naye harandarandi tena. Anarudi nyumbani mapema, anaketi jikoni na gitaa lake na kunitazama kwa yale macho niliyoyatamani miaka yote. Utasema nimeshinda. Nimeshinda nini? Nikimwambia nimechoka, anasema, "Imba tu kidogo, mpenzi." Kabla ya hapo hakuwahi kuniita mpenzi, na najua si mimi anayemwita. Naumia kwa wivu mpaka silali, na huyo ninayemwonea wivu yuko kooni mwangu. Nitamfukuzaje?

Kwa hivyo wewe mwenye wivu kama wangu, ukiona mwanamke analetea mumeo uji, mwambie aonje kwanza. Akikataa, umwage chini mbele ya watu wote, wakuite kichaa. Lakini usiunywe wewe.

Ningependa kukusimulia haya ana kwa ana. Nimeyaandika kwa sababu nikifungua tu mdomo, Mutwiri anachukua gitaa.