Mtoto wa Papa Aliyekuwa na Ndevu

Jambo hili nimelificha muda mrefu, na hata leo nikipita sokoni nikaona samaki asiye na magamba masikio yangu yanapata moto na ninageuza uso kama mtu aliyeona mdai wake. Lakini nimechoka kusikia wengine wakilisimulia mbele yangu vibaya, wakicheka, wakiongeza chumvi, na kumwacha diakoni Paluku nje ya hadithi kana kwamba hakuwepo. Alikuwepo. Alikula. Kwa hiyo nitaandika mwenyewe, pole pole, maana mimi niliishia la sita na kalamu yangu haikimbii.

Tulikuwa tumekimbia vita, mama yangu na mimi, kutoka milima ya Butembo, tukashuka mpaka kijiji kimoja cha bondeni upande wa Beni, penye mto mpana wa maji ya kahawia. Tulilala katika darasa la shule pamoja na familia nyingine za kanisa letu. Ninyi mnaojua Butembo mnajua: sisi ni watu wa baridi, wa maharagwe na viazi, na samaki tunamjua akiwa amekauka, amekunjwa, hana tena sura. Samaki mbichi anayekutazama machoni, hapana, huyo hatukuzoeana naye.

Mama aliugua njiani. Tulipofika miguu yake ilikuwa imevimba hadi magoti, na muganga wa kituo cha afya aliniita kando akaniambia, «Kijana, mama yako hahitaji dawa yangu, anahitaji nyama, mayai, samaki. Sombe tupu itamumaliza.» Sombe, majani ya muhogo, ndiyo tuliyokuwa nayo kila siku; nyama ipi? Kuku wote wa kijiji walikuwa wameingia tumboni mwa wanajeshi, na mayai yao pia.

Basi nilikwenda kwa Mama Katungu, mjane mwenyeji aliyezaliwa kando ya ziwa, mwanamke wa sauti kubwa asiyeogopa mtu. Alinipa ndoano mbili na uzi, akanionyesha pahali ukingoni ambapo maji yanapunguza mwendo chini ya mizizi, akanifundisha kutoboa nyungunyungu bila kumkata. Siku ile ile nikapata kambale watatu. Akaniambia, «Hawa wako na ute mingi, usugue na majivu na mchanga, wasikuteleze.» Nikasugua. Kesho yake alikwenda Beni kumuuguza dada yake, nami nikabaki na ndoano zake.

Sasa sikilizeni vizuri, kwa sababu hapa ndipo watu wanaponionea. Kanisa letu halili samaki asiye na magamba. Hiyo nilijua, nimekua nikiijua, na mama yangu ni mtu ambaye angekufa njaa mbele ya sufuria iliyojaa kuliko kuvunja neno hilo. Siku ile ya kwanza nilitembea na kitunga changu nikifikiri nitamwambiaje (mimi maneno yananijia kesho yake), mpaka nikafika kwenye bariyeri ya wanajeshi. Mmoja wao, mtu wa mbali, wa karibu na bahari kama alivyosema mwenyewe, akafunua kitunga.

«Petit, oyo nini?» akauliza, yaani kijana, hii ni nini. Kisha akacheka peke yake. «Aa! Mwana ya requin! Kwetu baharini tunakulaka hii sana!» Akachukua mmoja, ile haki ya bariyeri, akaniachia njia.

Requin, yaani papa. Nilijua ananitania. Lakini nilipofika shuleni mama alikuwa ameketi kwenye jua, miguu juu ya tofali, akauliza, «Muhindo, ni samaki gani hii?» Nami, macho chini, nikajibu, «Mama, askari anasema ni mutoto wa requin.»

Je, huo ni uongo? Askari alisema hivyo au hakusema? Alisema! Nilichofanya mimi ni kunyamazia yale mengine. Uamuzi mdogo tu, mdogo kama kichwa cha sindano.

Mama hakuridhika. «Requin iko na magamba?»

«Sijue.»

«Muite diakoni.»

Diakoni Paluku alikuja na miwani yake. Yeye alikuwa mkimbizi kama sisi, lakini alikuwa amesoma, na katika darasa letu alikaa kama mkurugenzi. Ukutani ilibaki picha ya wanyama wa bahari, ya kufundishia, imepasuka nusu, na papa alikuwa katika nusu iliyobaki. Diakoni akamshika samaki kwenye mkia, akamlinganisha na picha, akapitisha kidole chake mgongoni mwa samaki, na kidole kikakwaruza. (Mchanga! Mchanga na majivu yaliyokauka juani!) Akasema kwa sauti ya mimbarini, «Mujue kama requin iko na magamba madogo madogo, jicho haliyaone, ni kidole tu inayasikia. Hii iko na magamba.»

Mama akamtazama samaki usoni. «Lakini, bwana diakoni, ni mutoto gani anazaliwa na ndevu?»

«Mama, mutoto anabadilika. Hata chura anazaliwa na mukia.»

Watu wakasema eeh, kumbe. Mimi nilisimama pale mikono nyuma. Narudia: sikusema ana magamba. Diakoni alisema. Akaomba baraka, akaketi, akapewa kichwa kwa sababu kichwa ni cha mkubwa, akakifyonza mpaka mfupa ukabaki mweupe. Mama alikula polepole, kwa kidole na dole gumba, kisha akaramba mchuzi. Mimi nilikula bugali na sombe. Sikuonja hata tone. Mtu yeyote aliyekuwepo anaweza kuthibitisha, lakini nani aliulizwa?

Wiki mbili nilikwenda ukingoni kila asubuhi, na wazee wengine wa kanisa mle darasani nao wakapata vipande. Miguu ya mama ikaanza kushuka, ngozi ikakunjamana pahali palipokuwa pamenyooka kama ngoma, na siku moja akatembea mwenyewe hadi kisimani na kurudi akiimba. Kwa hilo ningevua hata mamba. Na kila asubuhi diakoni alikuwa mlangoni: «Muhindo, leo bahari imetupa nini?» Na kila siku kichwa.

Jambo liliharibika kwa ajili ya mwanamke mmoja mwenye akili, Mama Masika, aliyekuwa akilala upande wa ubao. Alikuwa akichambua sombe, akaacha mikono hewani, akauliza, «Kama hizi ni batoto, mama yabo iko wapi?»

Watu wakageuka kutazama upande wa mto.

Kesho yake hakuna mwanamke aliyevuka mto. Na mashamba ya mihogo tuliyoazimwa na wenyeji yalikuwa ng'ambo, watu walivuka kwa miguu pale maji yanapofika kiunoni. Sasa walisimama ukingoni na vitunga vitupu wakitazama maji. Mmoja alisema ameona mgongo. Mwingine alisema ameona meno. Siku tatu hapakuwa na sombe wala muhogo, na watoto walianza kulia mapema kabla ya mchana, nami nililala nimegeukia ukuta nikijua kwamba neno moja langu lingewavusha wote, na kwamba neno hilo hilo lingefunga kinywa cha mama yangu. Nendeni mchague ninyi, kama ni rahisi.

Diakoni je? Alikwenda ukingoni akamkemea papa mama aondoke katika mto. Kwa nusu saa. Wala hakurudi nyuma katika neno lake hata kidogo.

Habari ikafika kwa komanda wa wanajeshi. Siku ya nne akatuma watu: kijana anayevua requin aje aivue mbele yake. Nilifika nikakuta kijiji kizima ukingoni, wenyeji na wakimbizi, komanda ameketi kwenye kiti cha mwalimu kilichotolewa darasani mwetu, suruali imepigwa pasi, na kando yake diakoni ameshika fimbo kama mtu wa kuonyesha ramani. Mama alikuwa amekuja pia, kwa miguu yake mwenyewe, amejifunga kitenge chake kizuri. Alikuwa na fahari juu yangu. Hilo ndilo lililoniumiza zaidi.

Nikatupa uzi. Hata nyungunyungu alionekana mzima kuliko mimi. Watu hawakuninyamazia: «Muhindo, ita mama yake!» «Muhindo, vua viatu, akikumeza viatu vibakie!» Yule askari wa bariyeri, aliyeanzisha yote haya, alikuwa nyuma ya komanda akiwa ameficha uso katika kofia, mabega yakiruka kwa kicheko. Angeweza kusema. Hakusema. Naye sijasikia alitengwa na kanisa lolote.

Uzi ukavutwa. Kwa maisha yangu yote sijaomba nikose samaki isipokuwa siku ile, na siku ile ndipo akaja mkubwa kuliko wote, urefu wa mkono mzima, ananing'inia na ndevu zake nne kila upande kama mzee wa baraza. Sikuwa nimepata nafasi ya majivu. Diakoni akamnyakua kwangu ili yeye ndiye aonyeshe. «Mukubwa, weka kidole hapa, utasikia magamba...»

Kambale asiye na majivu ni sabuni. Alimtoka diakoni mikononi, akaruka, akatua juu ya mapaja ya komanda, akampiga mkia tumboni mara mbili, akateleza kwenye suruali ile ya pasi akiacha njia ya ute kutoka kiunoni hadi kwenye buti, akaingia matopeni. Hakuna aliyecheka. Watu waliuma midomo hadi machozi yakawatoka.

Na wakati huo huo wanawake wakapiga yowe. Ng'ambo, Mama Katungu alikuwa anarudi kutoka Beni, na alikuwa tayari katikati ya mto, maji kiunoni, mzigo kichwani.

«Mama, rudi! Requin! Requin!»

Akasimama pale pale katikati ya maji. «Requin ya nini?»

«Inakula batu!»

«Nani amekuliwa?»

Mama Katungu hakungoja jibu. Akavuka, akakamua kitenge, akamwona samaki matopeni, akamshika nyuma ya kichwa kwa vidole viwili. «Hii? Hii ni kambale. Kambale ya hapa hapa. Muhindo, mimi si njo nilikufundisha kuivua? Si nilikuambia jina yake?»

Macho yote yakaniangukia. Nilitamani papa awepo kweli, anitoe pale. Mama akasogea mbele, hakupandisha sauti.

«Muhindo. Ulijua?»

Ningeweza kusema mengi: askari alisema hivi, diakoni alihisi magamba, muganga alisema sombe tupu itakumaliza. Maneno hayo yote yalinijia kesho yake, kwa mpangilio mzuri. Pale nilisema, «Ndiyo, mama.» Akageuka akaenda nyumbani.

Komanda akavua suruali nyuma ya kichaka, akaniamuru niifue pale pale mbele ya watu wote, naye akisubiri amejifunga koti la mvua. Nilifua mara tatu. Ute hautoki haraka.

Baada ya hapo, kamati ya kanisa. Sikilizeni haki ya watu. Walikaa katika darasa lile lile, chini ya picha ile ile, na walioamua ni wale wale waliokuwa wamekula. Waliona kwamba wote waliokula walidanganywa, kwa hiyo hawana kosa, wataombewa tu. Mwenye kosa ni aliyejua. Nikatengwa miezi mitatu, nisiimbe katika kwaya, nikae benchi la nyuma. Na nani alisoma uamuzi? Diakoni Paluku! Kwa mdomo ule ule! «Sisi tulipotoshwa na kijana huyu.» Vichwa kumi na vingapi? Mimi ambaye sikuonja mchuzi ndiye najisi, na yeye aliyefyonza macho ya samaki ndiye anayesamehewa. Niliinuka nikataka kusema hilo, kisha nikakaa tena. Sasa nimeliandika. Ahsante.

Mama alirudi kwenye sombe tupu. Siku nne hakusema nami isipokuwa «leta maji» na «funga mulango». Niliangalia miguu yake kila asubuhi kama mtu anayeangalia mto unaopanda. Ndipo Mama Katungu (ambaye si wa kanisa letu wala lingine) akaja na samaki watatu aina ya ngege kutoka kwa ndugu zake wa ziwani, wenye magamba makubwa kama vifungo vya shati. Nilitaka kuwapara, mama akanipokonya kisu. Aliwapara mwenyewe, mlangoni, kwenye mwanga, akiyaweka magamba juu ya jani la mgomba ambapo kila mpita njia aliyaona. Kisha akapika, akala, akaninyooshea sahani.

Tukala. Halafu akasema, «Muganga ameniambia alichokuambia. Ungeniambia: Mama, ni kambale, na muganga anasema usipokula utakufa. Ningechagua mwenyewe.»

Nikajipa moyo nikauliza, «Na ungechagua nini?»

Alichambua mfupa kutoka kwenye nyama, akauweka kando.

«Hiyo hatutajua tena, wewe na mimi,» akasema. «Ulinitangulia kuchagua.»

Miezi mitatu ya benchi la nyuma niliimaliza, na hasira yangu juu ya diakoni sijaimaliza, sitawadanganya. Lakini benchi halikunifundisha kitu. Mama anatembea, analima, ana nguvu kuliko mimi, na nikimletea chakula, hata kiazi, hata ndizi isiyo na siri yoyote, anakishika kwanza, anakigeuza, ananitazama usoni, ananiuliza ni nini. Nami nimeapa, kila mara nitamjibu jina lake halisi, kwa sauti, hata kama ni jina atakalolikataa, kisha nitangoja aamue yeye.