Wangu na Maneno ya Sinema

Kila Jumamosi mchana, soko la Jericho likiwa ndiyo kwanza limechangamka, Wangu alifunika magunia yake ya maharagwe kwa turubai, akavaa sweta yake ya kanisani, akashika njia kwenda mjini kutazama sinema ya Wajerumani. Mwanamke wa miaka hamsini na ushee, mjane, aliyeuza maharagwe ya nyayo na rosekoko na mwitemania tangu soko halijaezekwa vizuri, anawaacha wateja wamesimama na kwenda kukaa gizani na wazungu! Wenzake walimcheka waziwazi.

"Mama Sally, leo tena?" Beldina, muuza omena wa meza ya pili, alimwuliza. "Kwani huko wanakupea nini? Chai?"

"Hata maji hawanipi."

"Sasa si ukae hapa uuze? Wale wasee hata hawakujui."

Wangu alicheka nao, akaenda zake. Angewaeleza nini? Ukweli ni kwamba alikuwa anatafuta maneno ya kuzungumza na mjukuu wake, na ukweli wa namna hiyo ukiutoa sokoni unarudi umekuwa wimbo.

Binti yake wa pekee, Sally, alikwenda Ujerumani kusomea uuguzi kupitia kanisa, akaahidi kurudi, na badala yake akaolewa huko. Mume aliitwa Uwe. Jina hilo liliwapa watu wa Jericho kazi ya mwezi mzima. "Uwe nini?" waliulizana. "Uwe mpole, uwe mkali, au uwe unatuma kitu huku?" Kisha akazaliwa mtoto wa kike. Kwa desturi ya Wakikuyu, binti wa kwanza huchukua jina la mama ya baba, na wa pili jina la mama ya mama. Lakini madaktari walimwambia Sally asitarajie mtoto mwingine, basi akayafunga majina yote mawili pamoja, Anna Wangu. Anna ni nyanya wa kule, anayeishi mtaa wa pili kutoka kwao na kumwona mtoto kila siku ya Mungu. Wangu ni huyu wa maharagwe.

"Lakini sisi nyumbani tunamwita Wangu, Mami," Sally alisema kwenye simu, na mama yake akalala na sentensi hiyo. Maana aliyepewa jina lako si mjukuu tu. Ni wewe mwenyewe umeletwa tena ukiwa mdogo. "Wangu wangu," alizoea kusema peke yake akipima maharagwe, na Kiswahili, ambacho hakuwahi kukipenda sana, kikamfurahisha kwa mara ya kwanza maishani.

Tatizo lilijitokeza Krismasi ya mwaka wa tisini na tatu. Simu ilikuwa nyumbani kwa jirani yao, mwalimu mstaafu Nabiswa, na Sally alipiga huko sikukuu zikifika. Siku hiyo akampa mtoto simu. Kwenye sikio la Wangu ikamiminika sauti nyembamba, nzuri, yenye maneno mengi, na hakuna hata moja aliloling'amua.

"Wangu? Ni shosho, nyanya yako," alisema.

Sauti ya Sally ikarudi.

"Haelewi, Mami. Uwe anasema tusimchanganye na lugha nyingi kwanza."

"Basi nichanganyeni mimi," Wangu akajibu, akakata simu roho ikimwuma.

Masomo ya Kijerumani mjini yalikuwa ya watu wenye nafasi na vyeti vya shule. Lakini kulikuwa na Kweyu, jamaa wa Kaloleni aliyenunua maharagwe kwake kila mwisho wa wiki. Alikuwa askari wa mlangoni katika kituo cha utamaduni cha Wajerumani. Aliposikia masaibu ya Mama Sally akamwambia kwamba kila Jumamosi kituo kinaonyesha sinema, na mlangoni halipishwi mtu.

"Wewe kuja tu, mama. Nitakuwekea kiti."

Ndivyo alivyoanza. Chini ya picha yalipita maandishi ya Kiingereza, lakini Kiingereza chake kilikuwa cha darasa la nne, na kabla hajafika katikati ya mstari ulikuwa umeshaondoka na mwingine umekaa mahali pake. Akaachana nao. Akaanza kutazama midomo na mikono. Mtu akinyoosha mkono na kusema "kom", mwenzake anakuja, basi kom ni njoo. Mtu akijikunyata dirishani na kusema "kalt", basi ni baridi. "Brot" ni mkate. "Nain" ni hapana, na Wajerumani wale walilipenda sana neno hilo.

Sinema zenyewe zilikuwa za huzuni tupu. Theluji, ngazi za giza, watu wanakula bila kusemezana, na karibu kila Jumamosi mtu mmoja alizikwa. Katika sinema tatu tofauti aliona wanaume wenye makoti marefu wakibisha hodi. Mwenye nyumba anauliza kwa woga, "Ver ist da?" Nani huyo? Wenye makoti wanataja jina la wanayemtafuta, na mwanamke aliye ndani anajibu "hia vont kain" na jina lile lile, kisha anafunga mlango. Hapa haishi fulani. Maneno hayo aliyashika bila kuyatafuta, kama unavyoshika wimbo wa jirani anayeurudia kila asubuhi.

"Kwa watu matajiri wanalia sana," alimwambia Beldina, na Beldina akacheka hadi akashika meza.

Kisha ikaja ile ya kituo cha gari moshi. Mama mmoja, akitazama nyuma kama anayefuatwa, anampeleka binti yake mdogo apande treni peke yake. Anapiga magoti kwenye saruji, anafunga vifungo vya koti la mtoto kimoja kimoja, anaushika uso wake kwa mikono miwili, anasema, "Fagis mish, main kind. Fagis mish." Treni inaondoka. Mama anabaki. Wangu alilia machozi ya wazi, asijali nani anamwona, na maandishi ya chini yakapita bila yeye kuyaona. Ya nini? "Main kind" alikwisha kulijua, ni mtoto wangu. Na lile lingine lilijieleza lenyewe kwa mikono ya mama yule. Mungu akulinde. Nakupenda. Usiende mbali na moyo wangu. Kila lugha ina neno lake la kuagana, na Wajerumani wana hilo.

Alilibeba hadi Jericho likimcheza mdomoni. Ili lisimtoroke alilifunga kwenye neno analolijua, fagia. Fagia, fagis. Kila alipofagia mbele ya meza yake asubuhi alilisema mara kadhaa, na Beldina akaanza kuamini kwamba jirani yake ameingia dini mpya.

Mwezi wa nane mwaka wa tisini na tano, Sally akaja na mtoto. Uwe alibaki kazini. Mtoto alikuwa na nywele za rangi ya majani ya chai na miguu mirefu, akasimama nyuma ya mama yake mlangoni akikitazama chumba kile cha Jericho kana kwamba ameambiwa akihesabu.

Wangu alipiga moyo konde, akanyoosha mkono. "Kom," alisema.

Na mtoto akaja.

Hakuna furaha aliyowahi kuipata mwanamke yule iliyofika hapo. Sally mwenyewe alishika mdomo. Kwa wiki tatu bibi na mjukuu waliketi nyuma ya magunia wakichambua maharagwe, mekundu huku, ya madoadoa kule, mawe na vijiti chini. Mtoto alizungumza mfululizo, na bibi akajibu "ya, ya", na pale aliposhika neno analolijua alilirudisha kwa fahari. Kalt? Brot? Mtoto alimwita Oma, kama alivyomwita yule nyanya mwingine, na Wangu hakuona wivu hata kidogo. Alitamani tu kumweleza habari ya jina, kwamba wewe ni mimi. Lakini maneno hayo hayakuwamo katika sinema hata moja.

Siku ya safari walikwenda uwanja wa ndege. Sally alikuwa kwenye foleni akihangaika na mizigo. Wangu alipiga magoti kwenye sakafu inayong'aa, akafunga vifungo vya sweta ya mtoto kimoja kimoja, akaushika uso wake kwa mikono miwili iliyokauka kwa vumbi la maharagwe.

"Fagis mish, main kind," alisema. "Fagis mish."

Mtoto alimkodolea macho. Macho yakamjaa machozi. "Varum, Oma?"

Hilo hakulijua. Lakini machozi aliyajua, ndiyo yale yale ya kituo cha treni, na akafurahi kwamba neno limefika. Akatabasamu.

"Ya, ya," alisema.

Krismasi ile Sally alipopiga simu, mtoto hakuja kuzungumza. Ana haya, Sally alisema. Pasaka hakuja pia. Ana masomo. Wangu aliendelea kwenda mjini kila Jumamosi, akiongeza maneno kwa ajili ya siku mtoto atakapokuwa hana haya. Mwaka ukaisha, ukaingia mwingine, na siku moja Sally akapiga bila sikukuu yoyote. Sauti yake ilikuwa nzito.

"Mami, ulimwambia nini mtoto pale airport?"

"Nilimuaga."

"Kwa maneno gani?"

Wangu akayasema, taratibu, kwa matamshi mazuri ambayo mwalimu yeyote angeyasifu.

"Hiyo ni kumwambia akusahau, Mami. Nisahau, mtoto wangu. Ndivyo ulivyosema. Alikuuliza kwa nini, ukamjibu ndiyo. Amekaa na hilo peke yake wakati huu wote, hata mimi ameniambia jana tu. Hataki tumwite Wangu tena. Anataka Anna. Anasema nyanya wa Afrika mwenyewe alimwagiza asahau."

Nabiswa alimkuta ameketi sakafuni kando ya simu. Alimpa maji, hakuyanywa. Alikuwa analia kwa hasira, na hasira yote alijielekezea mwenyewe: mwanamke mzima, ameona mama anamfukuza mtoto asimkumbuke kwa sababu wote wawili wako hatarini, akadhani ni baraka! Sally aliahidi kumweleza mtoto. Wangu hakutaka kuelezewa na mtu. Alilipanda mwenyewe, ataling'oa mwenyewe.

Jumamosi iliyofuata hakuingia kwenye sinema. Alisimama mlangoni na Kweyu mpaka akapita mwalimu mmoja wa Kijerumani, na Kweyu akamwuliza kwa niaba yake. Mwalimu akasema ni rahisi, linaongezwa neno moja tu dogo mwishoni. Nisht. Fagis mish nisht. Usinisahau. Kisilabi kimoja! Wangu alilirudia njia nzima hadi Jericho, na hakuna fagio aliloligusa.

Hakungoja Sally apige. Aliuza gunia zima la rosekoko kwa bei ya kutupa, akaenda kwenye nyumba ya simu mjini, akampa mhudumu namba, akaelekezwa kibandani. Kule mbali simu ikalia, ikalia, kisha ikashikwa.

"Ver ist da?"

Ilikuwa sauti ya mtoto, nene kidogo kuliko zamani. Nani huyo? Swali alilolielewa vizuri kuliko yote, na yale maneno matatu aliyokuja nayo yakamruka kichwani. Likabaki moja tu, lile lililo lao wote wawili.

"Wangu," alisema.

Kule upande wa pili mtoto alifikiri kidogo. Kisha akajibu kwa adabu, kama anavyojibiwa mtu aliyekosea nyumba.

"Hia vont kaine Wangu."

Simu ikawekwa chini. Wangu alibaki ameishika sikioni, na sasa sentensi yake ikamrudia yote, kamili, na neno lake dogo mwishoni. Akaisema mara mbili. Mhudumu akagonga kioo.

"Mama, laini imekatika. Nikupigie tena?"

"Hapana," Wangu alisema. "Wameniambia haishi hapo."