Jina la Mwanafunzi Kwenye Bordero

Nakumbuka vizuri, mwanangu, ile asubuhi niliyosimama mbele ya dirisha la benki hapa Bunia, nikaulizwa jina la mwanafunzi, nikataja jina ambalo halikuwa langu.

Nilikuwa na miaka thelathini na minane. Niliuza samaki wakavu wa Kasenyi katika soko kuu, kwenye meza niliyoachiwa na mama mkwe. Diploma yangu ya sekondari ilikuwa ndani ya sanduku tangu nilipoolewa. Vita vilikuja, watoto wakaja, na karatasi ile ikabaki chini ya vitenge. Mwaka ule mtoto wangu wa mwisho alipoanza shule ya msingi, niliitoa, nikaipangusa, nikaenda kujiandikisha chuo kikuu nijifunze ualimu. Mume wangu, dereva wa lori la Mahagi, peke yake ndiye aliyejua.

Kujiandikisha hakukunishinda. Kilichonishinda ni kuona haya. Wanafunzi wenzangu walikuwa rika la binti yangu mkubwa. Siku ya kwanza kijana mmoja alinisimamisha mlangoni kwa heshima zote: "Mama, mukutano ya wazazi iko kule ngambo." Nilimshukuru, nikazunguka nyumba nzima, nikaingia alipokwisha kuondoka.

Sokoni nako sikusema. Masomo yalianza saa nane mchana, basi kila siku nilifunika samaki wangu mapema na kusema nakwenda kumwangalia mama mkwe, mgonjwa. Wenzangu wakanihurumia. Siku moja walinipa sabuni na sukari nimpelekee. Mama mkwe alikuwa mzima kabisa, akilima mihogo yake Irumu.

Sisi wanawake wa meza za samaki tulikuwa kumi, na tulikuwa na likelemba yetu: kila juma kila mmoja anachanga, zote zinakwenda kwa mmoja, zamu kwa zamu. Tulikuwa na desturi moja. Anayepokea zamu anasema mbele ya wote pesa inakwenda wapi, na hatembei nayo peke yake. Mkubwa wetu anamsindikiza mpaka ifike pale aliposema. Mkubwa huyo alikuwa Mama Dorika, mwanamke wa umri wa mama yangu, aliyebeba pesa za watu ndani ya kitenge chake miaka mingi bila hata noti moja kupotea.

Zamu yangu ilifika juma lile lile la mwisho wa kulipa chuo. Nilisema pesa ni ya minervali, karo ya mtoto. Mama Dorika akajifunga kitenge, tukaenda benki.

"Jina ya mwanafunzi?" karani akauliza.

Mama Dorika alikuwa begani kwangu. Ningeweza kusema ukweli pale pale, mwanangu, na mambo yangekwisha. Nikasema, "Neema." Huyo ni binti yangu wa kwanza, ambaye wakati huo alikuwa bado sekondari, kwa shangazi yake Mahagi. Karani akaandika bordero, ile karatasi ya malipo, akaipiga muhuri. Mama Dorika akaishika kwa mikono miwili, na njia nzima ya kurudi alikuwa akisimamisha watu: "Neema yetu ameingia iniversite! Muko nasikia? Neema yetu!"

Mimi nilitembea nyuma yake nikitazama chini. Nilijipa moyo kwamba ofisi ya chuo itaelewa.

Haikuelewa. Majuma mawili kabla ya mtihani, orodha ya waliolipa ilibandikwa mlangoni. Niliisoma mara tatu. Jina langu halikuwepo. Nikaingia kwa apariteri, yule anayeshika majina ya wanafunzi wote, mzee mwenye miwani na maneno machache, nikampa bordero.

"Huyu Neema hayuko kwetu, mama," akasema. "Na weye haukulipa."

"Ni mimi nililipa."

"Bordero inasema ingine. Leta mutu mukubwa mwenye alikuona ukilipa, aweke sahihi. Ijumaa saa sita nafunga liste."

Nilielewa maana yake. Bila shahidi, hakuna mtihani. Bila mtihani, mwaka mzima umepotea, na pesa ya jasho la wanawake kumi pamoja nao. Na mtu mzima aliyeniona alikuwa mmoja tu.

Nilirudi sokoni, nikaketi kwenye gunia kando ya Mama Dorika, nikamweleza yote, hata ya mama mkwe. Hakuacha kupanga samaki wake.

"Basi ile sabuni?" akauliza.

"Niliifulia."

"Na sukari?"

"Tulikunywa na chai."

Akacheka mpaka akaishika meza, na wengine wakageuka kutazama. Kisha akaacha kucheka.

"Sikia, mutoto yangu. Siye tulikuona na mimba, tulikuona ukilia mu vita, na haukusikia haya. Leo unapata kitu ya kutufurahisha, ndiyo unaficha? Juu ya masomo ulisikia haya. Juu ya bongo, uongo ile yote, haukusikia?"

Nikaanza kumsaidia kupanga samaki. Akaendelea:

"Na mimi nimetangaza Neema mu njia yote. Sasa watu nitawaambia nini?"

"Unisamehe, mama."

"Nimekusamehe. Lakini utawaambia weye mwenyewe. Anza na hawa."

Nikasimama katikati ya meza. Nikasema mwanafunzi ni mimi. Mmoja akauliza, "Tangu lini harufu ya samaki inaingia mu iniversite?" Soko likavunjika kwa kicheko. Mwingine akasema, "Muache asome, atatufundishia watoto." Na wa tatu, yule aliyetoa sukari, aliguna tu, ilimchukua mwezi mzima kunizoea tena, na alikuwa na haki.

Ijumaa Mama Dorika aliingia ofisini na aproni yake ya soko. Apariteri akamuuliza kama aliniona nikilipa.

"Nilimuona. Na feza ilikuwa ya siye kumi," akajibu. "Andika jina yake. Andika kubwa."

Hakujua kuandika. Akatia kidole kwenye wino, akakikandamiza kwenye karatasi, na apariteri akaongeza jina langu chini kabisa ya orodha, kwa mkono. Mama Dorika akamwomba amwonyeshe ni lipi. Akaligusa, akaitikia kwa kichwa, tukaondoka.

Nilisoma miaka mingi kuliko vijana wale, maana mwaka mwingine meza haikuuza na mwaka mwingine njia zilifungwa. Lakini nilimaliza, nikafundisha, na sasa nimestaafu. Mama Dorika hayuko tena. Kila ninapopita penye meza za samaki, natafuta sauti yake kabla sijakumbuka.

Nakuandikia wewe, mwanangu, ambaye vita vilikukata masomo na sasa una miaka thelathini, arobaini, na watoto mgongoni. Rudi. Kabla hujalipa, uliza chuo wanataka nini na mpaka lini. Andika jina lako kamili, kisha soma karatasi kabla hujaondoka dirishani. Lakini zaidi ya hayo, waambie mapema wale wanaokuchangia kwamba anayesoma ni wewe. Watakucheka, ndiyo, wenzangu walinicheka mpaka siku ya kuvaa joho. Kicheko chao hakikunitoa hata darasa moja. Uongo wangu ulikaribia kunitoa katika yote.

Mungu akutie nguvu ukikaa kati ya vijana. Akulindie meza yako, shamba lako na wale uliowaacha nyumbani unaposoma. Akupe wakubwa wa kukukemea na kukusindikiza siku hiyo hiyo, na siku jina lako litakaposomwa, wawepo walio wako wa kulipigia vigelegele.