Mbunge wa Amerika Aliyeuza Lituma

Mtu akikuambia kwamba mbunge wa Amerika hajawahi kukanyaga mtaa wetu hapa Kisangani, mkubalie, usigombane naye. Lakini mimi nilimtafsiria.

Komini yetu, yaani serikali ya mtaa, ilipata habari kwamba mama mbunge mmoja kutoka Amerika anakuja kutazama maporomoko ya Tshopo, na atapita barabara yetu. Bourgmestre, mkuu wa komini, mtu wa kushona suti mpya hata kwa ajili ya mvua kubwa, akaamuru meza zote za kando ya barabara ziondoke. Moja ilikuwa ya mama yangu mdogo, muuza lituma, zile ndizi zetu za kutwanga, na samaki wa kuchoma. Meza ile imesomesha ukoo mzima. Hata shule yangu ya jioni ililipwa na samaki. Ukiinusa vizuri diploma yangu, bado ina moshi.

"Mugeni atapita mara moja," mama mdogo alisema. "Miye nitakula wapi mwaka muzima?"

Bon. Kwetu mapokezi hayafanywi bila mazoezi, na mazoezi hayafanywi bila mgeni. Lazima mtu akae mahali pake, aimbiwe na kwaya, apewe jogoo. Bourgmestre akatafuta mama mwenye mwili wa serikali, akampata mama mdogo. Huyu akiketi, kiti chenyewe hujiona kimepandishwa cheo.

Mimi, mwenye diploma ya Kiingereza, nikapewa kutafsiri na kusoma maisha ya mgeni. Tulichojua ni kwamba ni mjane, aliwahi kuwa wakili, na kwao mbunge huchaguliwa kwa miaka miwili. Maisha mafupi hivyo yanakwisha kabla watu hawajakaa. Donc nikayajaza kwa yale yaliyokuwa karibu.

Siku ya mazoezi mgeni wetu, mama mdogo, aliwasili juu ya toleka, baiskeli yetu ya abiria, na nyuma yake msafara wa toleka nyingine zikipiga kengele mpaka mbwa wa ng'ambo ya mto wakaitikia. Nikasoma: alizaliwa katika nyumba yenye watoto wa kutosha kwaya mbili, aliuza ndizi Washington tangu alfajiri, alizika mume, akasomesha ndugu, wala soko halikuwahi kuona chozi lake. Wamama wakaanza kupangusa macho.

"Kumbe hata kule iko hivi," mmoja akasema.

Kisha mgeni akahutubia. Kiingereza hakijui, kwa hiyo alisema lugha ya kijijini kwao, Bengamisa, na ilifaa sana, maana bourgmestre hakuelewa hata neno.

"Anasema nini?"

"Anashukuru kwaya, mheshimiwa. Na anaomba meza za wamama zibaki, kwa kuwa na yeye alianzia hapo."

Ndivyo alivyosema. Mimi niliongeza kwaya tu.

Bourgmestre akafunga kifungo cha suti. "Amerika ikiomba, Kisangani haikatae. Accordé, nimekubali." Akamkabidhi jogoo mikononi mbele ya mtaa mzima.

Kesho yake akaja na polisi, kuondoa meza na kuchukua jogoo wake, ambaye alitakiwa kupewa mgeni wa kweli.

"Mama, jana ilikuwa mazoezi tu."

"Na jogoo? Yeye alikufa kabisa, papa. Nilimupika."

Waendesha toleka wakasogea. "Papa bourgmestre," mmoja akasema, "neno ulilitoa na jogoo. Jogoo ilishaliwa. Neno utalirudisha na nini?"

Polisi wakatazama samaki, kwani hapo palikuwa na amani zaidi. Bourgmestre akaketi, akaomba sahani, akala taratibu kama mtu anayesoma katiba. Mwisho akanigeukia.

"Kule mandat iko ya miaka ngapi?"

"Miwili, mheshimiwa."

"Bon. Meza iko na miaka miwili. Kisha tutafanya uchaguzi."

Baadaye tulisikia kwamba mbunge mwenyewe aliishia Kinshasa. Hakuna aliyesikitika, wetu tulikuwa naye. Bourgmestre sasa hula pale karibu kila mchana, na mama mdogo, ambaye kampeni ameshaianza, humwekea yeye peke yake kichwa cha samaki.