Bingwa wa Machungwa Hawezi Kunishikia Sufuria

Admin, nifichie jina, maana hapa mtaani Gatwekera watu hawana kazi ingine ila umbea. Mimi ni mama wa miaka thelathini na nane, nauza chapati. Bwanangu alikuwa fundi wa mawe mpaka stroke ikamlaza. Mguu umerudi, anatembea. Mkono wa kulia ndio umekataa. Daktari wa mazoezi alituambia wazi, huo mkono usipofanyishwa kazi miezi hii, utabaki hivyo hivyo.

Basi kliniki ikaletewa miwani. Ni dude kubwa unavalishwa machoni, unajiona kwa shamba la machungwa, na unachuma kwa rimoti uliyofungwa mkononi. Kila chungwa ni pointi, na majina ya wanaoongoza yanabandikwa ukutani. Wazee wazima jameni! Mtu hawezi kujifunga kifungo cha shati lakini anajua ni nani alimpita juzi.

Siku hizi nambari moja ni huyu wangu. Daktari naye ni wale wa kukodolea skrini tu. Mgonjwa anaweza kuzirai mbele yake, bora pointi zipande. "Mzee, mkono umeamka!" anampigia makofi, na yeye anavimba kama andazi. Jioni nikisonga ugali nimwambie anishikie sufuria, ati, "Mama, nimechoka, leo nimechuma mia mbili." Mia mbili za wapi? Nani alikula hayo machungwa?

Ukweli ni kwamba ile rimoti ya mkono wa kulia huwa imefungwa mkono wa kushoto, ule mzima. Ule mkono mgonjwa wenyewe umelala tu mapajani, haujachuma hata moja.

Sasa Ijumaa kuna wageni wanakuja kuona hiyo miwani, na bingwa ndiye amechaguliwa kuwaonyesha. Ameshanipigisha shati pasi mara mbili. Nikamwambia, "Baba, sema ukweli kabla huo mkono haujafa." Akanijibu bila haya, "Na utawaambia ni nani alinifunga?"

Ni mimi niliyemfunga. Pale kliniki, kufunga mkanda wa rimoti ni kazi ya mtu wa nyumbani. Siku ya kwanza tulikaa karibu na mama mmoja wa zile gorofa za Nyayo Highrise, bwanake anachuma tu, wangu anatetemeka hajagusa hata jani. Yule mama akaniangalia na huruma yake ya kujiskia. Nikaona aibu, nikahamisha rimoti. "Ni leo tu," nilimwambia. Huu ni mwezi wa tatu, na kila wiki namfunga mimi.

Jana nilimpata peke yake akijaribu kuokota chapati na mkono wa kulia. Vidole vilikataa kufunguka. Aliponiona, akaushika na ule mwingine akauficha mfukoni, kisha akajifanya anacheka. Mimi nikatoka nje nikalia.

Nyinyi mnaonisoma, niambieni. Nimwendee daktari kabla ya Ijumaa, ama nimfunge mkono wa kulia siku hiyo, wageni wote wakiangalia?