Chaki ya Mzee Brashi

Mzee Brashi ameandika milango ya makao makuu ya jimbo kwa miaka ishirini na mbili. Wananchi wakishachagua baraza, baraza likachagua kiongozi, na kiongozi akateua mawaziri wake, mzee huandika jina la wizara kwa rangi ya mafuta na jina la waziri kwa chaki.

Waziri mpya wa barabara alipoiona chaki, uso ulimvimba.

"Mzee wangu, mimi ni waziri au ni mtoro wa kuandikwa ubaoni?"

"Mheshimiwa, barabara zilikuwepo tangu zamani. Wewe umeteuliwa jana."

"Nataka rangi ya mafuta, na iwe leo."

"Itakauka siku ya tatu," mzee alionya, akapaka huku akiguna.

Siku ya pili baraza likapiga kura ya kutokuwa na imani, serikali nzima ikaenda na maji. Waziri alitoka amekumbatia maboksi, akausukuma mlango kwa mgongo ili aufunge, na jina lake likaondoka naye kwenye koti.

Mzee Brashi akautazama mlango uliobaki na jina la wizara tu.

"Afadhali huyu," alisema, "kajifuta mwenyewe."