Ukurasa Nilioutia Mfukoni

Siku ile naikumbuka, mwanangu, kwa sababu ya ukurasa mmoja wa daftari. Nilikuwa bwana afya kijana katika kijiji cha ujamaa upande wa Ipole, mtoto wa fundi cherehani wa Tabora mjini, kifua mbele. Wilaya ikatuagiza: chanjo ya surua mtaifanya pamoja na zahanati ya misheni. Wao wana dawa na muuguzi, Nesi Yustina; mimi nina daftari la kaya zote.

Pamoja! Neno lile halikunikaa moyoni. Watu wa misheni wanataka nini na majina ya watu wetu? Nesi akinichekea, nashuku. Akininyamazia, nashuku zaidi. Aliponikaribisha chai niliinusa kwanza. Usicheke, ujana una wazimu wake.

Basi asubuhi ya chanjo nikachana ukurasa wenye kaya za warina asali, ng'ambo ya kijito, nikautia mfukoni mwa shati. Hao nitawachanja mwenyewe wiki ijayo, nikawaza, sifa ije kwetu serikalini.

"Bwana Afya, hawa ndio wote?" Nesi aliuliza.

"Ndio wote."

Akanitazama kidogo, kisha akamwaga dawa iliyobaki, maana ikishafunguliwa hailali.

Wiki iliyofuata mvua ikakata barabara, dawa niliyoitegemea kutoka wilayani isifike. Surua haikungoja barabara. Ilivuka kijito ikamkuta Nyamizi, mtoto wa miaka minne, mjukuu wa Mzee Maganga. Alipona, lakini jicho la kushoto halikuona tena.

Nilikwenda kwa mzee. Shikamoo yangu aliipokea, akanipa kigoda. Nikautoa ukurasa mfukoni, nikamweleza yote. Hakupaza sauti.

"Kijana, nikipanda mtini kurina, mwenzangu hubaki chini na kamba ya kuteremshia asali. Mimi sioni chini, yeye haoni mzinga. Nikiwa na shaka naye, namwuliza kabla sijapanda. Wewe ulikata kamba mwenzio yuko juu. Aliyedondokewa ni mjukuu wangu."

Kikulacho ki nguoni mwako, husema wahenga. Nilikitafuta kwa Nesi, kumbe nimekitia mfukoni mwenyewe. Nilipomwendea kumwomba radhi, naye akakiri kwamba alihisi nina kaya nimezificha, akanyamaza asionekane anaingilia serikali. Wawili tulishukiana, mtoto akalipa.

Nyamizi sasa ni mama mzima, anauza asali sokoni Tabora. Akiniamkia hugeuza shingo ili anione kwa jicho la kulia. Namwitikia marahaba, na haya inanishika mpaka leo.

Kwa hiyo, mwanangu, ukipangiwa kazi ya afya na watu wa ofisi nyingine, sikuambii uwaamini tu. Mimi mwenyewe bado mtu wa shaka, na yule mwenzako wa mradi anayenipiga-piga begani kila ajapo hapa kwetu namtazama kwa pembeni. Nakuambia shaka yako iweke mezani, unayemshuku akiwepo, kabla kazi haijaanza. Muulize. Akikujibu vibaya, muulize tena. Lakini daftari liwe wazi, na jina la mtoto lisilale mfukoni mwako hata siku moja.

Haya, nenda. Mwenyezi Mungu akupe mwenzio wa kukushikia kamba, na akuepushe wewe na kisu cha kuikata.